Keki isiyo na yai wala maziwa kutoka kitabu changu cha mapishi: kila mara katikati inabaki mbichi. Nakosea wapi?

FundiCherehani_Tanga (Jumanne, saa 4:10 usiku)

Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, naishi Ngamiani hapa Tanga. Oveni sina, napikia jiko la mkaa na mtungi mdogo wa gesi. Naomba msaada kwa jambo moja la keki, ila itabidi nianze mbali kidogo ili mnielewe.

Mwanangu wa mwisho ana mzio wa mayai na maziwa. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alilishwa kipande cha keki kwenye sherehe ya jirani. Midomo ikavimba, mgongo mzima ukaota mabaka, kifua kikaanza kukoroma. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, mimi nimempakata na viatu sikuvaa. Tangu siku hiyo vitu hivyo viwili havigusi. Sasa anakaribia miaka sita, na amejifunza mwenyewe kitu ambacho mimi sikumfundisha: kwenye sherehe za wenzake sahani ya keki ikianza kupita, anapeleka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo na kuishikanisha, mpaka sahani imalize kupita. Mwezi uliopita nilimwona akifanya hivyo nikaondoka pale nikaenda kusimama uani.

Kitabu chenyewe nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba, shilingi 4,000, jalada la nyuma hakina. Kimechapishwa Marekani na ni cha mapishi ya vegani, yaani chakula kisicho na nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali. Neno lenyewe nilikuwa silijui. Baadaye nikasoma kwamba lilitungwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Nyumbani kwangu samaki tunakula, siwafichi. Nilichokuwa nakitafuta ni kitabu ambacho naweza kufungua ukurasa wowote nikapika bila hofu. Mapishi yote ya vitu vitamu niliyowahi kuandikiwa na watu yalianza na "vunja mayai manne". Humu hakuna hata moja.

Nakisoma nikiwa na kamusi pembeni, na katika mwaka mmoja na nusu nimekipenda kuliko kitu chochote jikoni. Aliyekimiliki kabla yangu aliandikaandika kwa penseli kando ya kurasa. Kwenye supu ya adesi kaandika kwa Kiingereza "ongeza chumvi", na kweli bila kuongeza supu ile inapooza. Kwenye kababu za maharage kaandika "weka zipoe kwanza". Nilipompuuza zikavunjika kikaangoni, nilipomsikiliza zikashika. Simjui ni nani, lakini namwamini. Adesi na karoti za Lushoto, maboga na tangawizi, bamia za kukausha, hivyo vyote sasa navipika bila kufungua kitabu.

Kilichonishinda ni keki ya kakao. Kitabu kinasema hivi: unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, kakao robo kikombe, bekingi soda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta theluthi ya kikombe, siki kijiko kimoja kikubwa, vanila kijiko cha chai, maji kikombe kimoja. Moto ni digrii 350 za Fahrenheit, dakika 35. Pembe ya chini ya ukurasa imeliwa na panya, kwa hiyo sijui sentensi ya mwisho ilisema nini. Juu kuna namba 8 ya penseli imezungushiwa duara.

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza dukani niliomba "magadi ya keki" nikapewa magadi ya kulainishia maharage, na mimi sikukagua. Keki ikawa na ladha ya sabuni, tukaitupa. Mara ya pili na ya tatu nilitumia bekingi soda ya kopo. Nilichanganya vyote, nikaenda kuwasha mkaa, ulipokolea nikabandika sufuria kubwa lenye mchanga, nikaweka ndani yake sufuria ndogo ya keki, nikafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Baada ya dakika 35 nikafunua. Pembeni imeungua, juu imepasuka kama udongo wa kiangazi, katikati uji. Nikairudisha dakika 20 nyingine. Pembeni ikawa mkaa, katikati ikawa kama ugali ulioloweshwa. Nzito kabisa.

Siku yake ya kuzaliwa ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka akate keki ambayo ni yake. Je, ni moto, ni siki, au pishi hili haliwezekani bila oveni? Na cha kupaka juu niweke nini? Majarini niliyonayo sina uhakika nayo. Naomba mniambie kama mnavyomwambia ndugu yenu.

Mkulima_Handeni (Jumanne, saa 4:52 usiku)

Pole dada. Ushauri wangu wa kizee: mtoto mpe kidogo kidogo. Leo ncha ya kijiko, kesho kijiko, mwili utazoea. Wangu alikuwa anatapika maziwa, leo anakunywa nusu lita. Mkimfichaficha ndio mnamlegeza.

Muuguzi_wa_Zamu (Jumanne, saa 5:15 usiku)

Mzee wangu wa Handeni, shikamoo. Naomba nikupinge kwa heshima, na nampinga mtu yeyote atakayesoma hapa akataka kujaribu. Mtoto anayetapika maziwa na mtoto anayevimba midomo na kukoroma kifua si mtoto mmoja. Huyu wa pili anaweza kuzibwa njia ya hewa ndani ya dakika chache, na kijiko cha kwanza kisichomdhuru hakikuhakikishii cha pili. Ni kweli watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huachana nao wanapokua. Lakini kupima kama umekwisha ni kazi ya kufanyiwa hospitali, daktari akiwa amesimama pale na dawa mkononi. Nyumbani hapana.

Dada fundi, mambo matatu. Moja, majarini: soma maandishi madogo nyuma ya kopo. Watu wengi wanaita majarini "siagi ya mimea" wakadhani haina maziwa, kumbe baadhi zimetiwa unga wa maziwa au protini zake. Ukiona neno whey, casein, au milk solids, rudisha kopo rafuni. Kakao ya unga nayo isome, kwa sababu ile ya kutengenezea kinywaji mara nyingi imeshachanganywa na maziwa na sukari. Wewe unataka kakao tupu.

Mbili, neno vegani kwenye pakiti ya biskuti linakuambia mtengenezaji hakuweka maziwa. Halikuambii mashine ilisafishwa vizuri baada ya kutengeneza biskuti nyingine za maziwa. Kwa mtoto wako hiyo ni tofauti kubwa. Unachopika mwenyewe ndicho salama zaidi.

Tatu, mtoto asiyekunywa maziwa anahitaji madini ya chokaa kutoka kwingine. Maadamu samaki anakula, dagaa wale wanaotafunwa na mifupa yao ni wazuri sana, pamoja na mboga za majani. Tui la nazi ni tamu lakini halichukui nafasi ya maziwa kwa hilo. Na kama siku moja utaamua nyumba nzima iwe ya mimea mitupu, uliza kwanza kuhusu vitamini B12, maana kwenye mimea haipo.

Keki siijui. Wanaojua waje.

Mkulima_Handeni (Jumatano, saa 12:20 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Sikujua kama alikoroma kifua, nilisoma haraka. Dada usifanye nilivyosema.

BiMkubwa_Vuga (Jumatano, saa 2:05 asubuhi)

Mwanangu, hiyo hadithi ya mikono nyuma imeniliza asubuhi hii. Mimi niko Unguja, keki na mikate nimepikia mkaa miaka arubaini kabla hawajaniletea oveni, kwa hivyo usiambiwe haiwezekani.

Nikuelezee moto. Makosa ya wengi ni kuujaza chini. Chini weka makaa machache, kiasi cha kiganja, yaliyokwisha kushika majivu meupe. Juu ya mfuniko ndiko uweke mengi, na uyatandaze kuelekea ukingoni, usiyalundike katikati. Mchanga uwe unene wa vidole viwili, na sufuria kubwa lipate moto tupu kwa robo saa kabla hujaingiza keki. Kujua kama moto umefika, nyunyiza unga wa ngano kidogo kwenye kisahani cha bati ukiweke ndani. Ukipata rangi ya hudhurungi kwa dakika tano hivi, sawa. Ukiwa mweusi, punguza. Ukibaki mweupe, ngoja.

Halafu usifunue! Kila ukifunua unatoa joto lote. Ngoja mpaka harufu ikufuate ulipo, ndio uchome njiti ya chelewa katikati. Ikitoka kavu, epua.

Na jambo jengine. Unasema ulichanganya vyote halafu ndio ukaenda kuwasha mkaa. Hapo ndipo ulipoiua. Siki na soda vikikutana vinatoa povu pale pale, na povu hilo ndilo linaloinua keki, kwa sababu yai la kuisaidia hakuna. Mkaa wako umechukua muda gani kukolea? Nusu saa? Povu lote limeshakwenda zake. Moto uwe tayari kwanza, halafu ndio umimine siki, koroga mara chache, tia motoni.

Huyo mtoto mpikie pia mkate wa kumimina. Mchele vikombe viwili uloweke usiku kucha, usage laini na tui zito, tia sukari, iliki na hamira kijiko cha chai, uache uumuke, kisha umimine kwenye sufuria iliyokwisha pata moto na mafuta. Moto juu na chini. Mimi yai siweki kabisa, na mama yangu hakuweka. Lakini wako wanaotia ute wa yai, kwa hivyo usimnunulie mtoto mtaani bila kuuliza.

Pojo_na_Mahamri (Jumatano, saa 7:30 mchana)

Dadangu wa Tanga, salaam kutoka Mombasa. Nimefanya kazi ya kuoka hotelini miaka tisa. Aliyoyasema Bi Mkubwa juu ya moto na siki ni kweli tupu, wala siongezi. Lakini naona kuna tatizo jingine limejificha. Nijibu maswali mawili: kikombe ulichopimia ni kipi hasa? Na sufuria ya keki ina upana gani?

FundiCherehani_Tanga (Jumatano, saa 2:15 usiku)

Bi Mkubwa, shikamoo, na ahsante. Ni kweli mkaa ulichukua karibu dakika 25, na mchanganyiko ulikuwa umekaa mezani umefunikwa na kawa. Nilidhani kukaa kunausaidia, kama unga wa mahamri. Mzee wa Handeni, hakuna neno, nimepokea. Muuguzi, nimeisoma majarini yangu kwa kumulika na tochi ya simu. Ina milk solids. Nimempa jirani.

Dada wa Mombasa, kikombe ni kile kikubwa cha udongo cha kunywea chai. Sikujua kipimo chake, kwa hiyo leo nimekijaza kwa chupa ya maji ya nusu lita. Kimejaa, na maji yaliyobaki chupani nimeyapima kwa kifuniko cha dawa ya mtoto cha mililita 10. Yametoka vifuniko 15. Maana yake kikombe kinachukua mililita 350. Sufuria nimelipima kwa futi yangu ya kushonea: upana inchi 6 na nusu, mviringo, kina inchi 4.

Vijiko natumia vile vya kawaida vya nyumbani, cha chai na kikubwa.

Pojo_na_Mahamri (Jumatano, saa 3:40 usiku)

Hapo sasa! Jawabu umelileta mwenyewe.

Kitabu cha Marekani kikisema kikombe, hakimaanishi kikombe cha chai. Ni kipimo maalumu, takriban mililita 240. Chako ni 350. Kwa hivyo unga, sukari, maji na mafuta vyote vimekua karibu mara moja na nusu, lakini soda na siki umezipima kwa kijiko, zikabaki vile vile. Wewe ni fundi, utanielewa: ni kama kukata mwili wa gauni kwa inchi na mikono kwa sentimita. Ndio maana keki ikawa nzito, soda ilibebeshwa mzigo usio wake.

Na ile 8 ya penseli. Pishi hili nalijua, ni la zamani sana huko kwao na hupikwa kwenye bati la mraba la inchi 8. Yule mwenye penseli alikuwa akijikumbusha bati. Piga hesabu: bati la 8 kwa 8 lina eneo la inchi za mraba 64. Sufuria lako la mviringo la inchi 6 na nusu lina kama 33, yaani nusu. Umetia mchanganyiko mara moja na nusu kwenye nusu ya nafasi, kina chake kikawa karibu mara tatu ya kinachotakiwa. Moto gani utafika katikati kwa dakika 35? Pembeni lazima paungue kabla ya katikati kuiva.

Fanya hivi. Tafuta chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile kubwa. Nyingi zina mstari wa 240. Hicho ndicho kikombe chako cha Marekani. Kisha tafuta sufuria la pili linalolingana na lako. Mawili ya inchi 6 na nusu yanakupa 66, karibu sawa kabisa na bati la kitabu. Ukimaliza unazipandanisha, unapata keki ya ghorofa mbili.

Lakini zingatia: kama jiko lako litaingiza sufuria moja tu kwa wakati mmoja, usichanganye zote pamoja. Gawa vitu vikavu bakuli mbili, sawa kwa sawa. Gawa na vya maji. Cha kwanza changanya, oka. Cha pili kikae kikavu vile vile mpaka cha kwanza kimetoka, ndipo ukitie siki. Dakika ziwe 25 mpaka 30, maana zitakuwa nyembamba.

Magadi yale uliyopewa usijilaumu, majina yanachanganya. Magadi ya kuchimbwa, kama yale ya Ziwa Natron kwenu na Ziwa Magadi kwetu, yana sodiamu kaboneti pamoja na baikaboneti. Makali kwa keki, ladha inageuka sabuni. Soda ya kopo ni baikaboneti peke yake.

Cha kupaka juu kuna njia mbili. Iko ya maji mazito yaliyochemshiwa dengu, ambayo ukiyapiga na sukari yanasimama meupe kama ute wa yai. Mfaransa mmoja, Joël Roessel, ndiye aliyelionyesha jambo hilo mwaka 2014, na mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt akaeneza pishi la kutumia maji hayo na sukari tu. Nasema dengu, si ndengu! Watu wa Nairobi wakisema ndengu wanakusudia choroko zenu, ambazo sisi Mombasa twaziita pojo. Lakini kwa mkono utapiga mpaka bega likatike, yataka mashine. Kwako naona bora kasimile. Kuna nazi mbili zilizokomaa, chuja kwa maji machache sana, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu. Yatoe kwa kijiko, maji ya chini yaache, piga na sukari laini ya unga kwa uma. Utapaka keki nzima.

Korosho_Mikindani (Alhamisi, saa 1:10 asubuhi)

Naongeza dogo. Kama nazi hazitagandisha vizuri, korosho mbichi zinafaa. Nunua zilizovunjika, ni rahisi kuliko nzima na ladha ni ile ile. Zichemshe robo saa, mwaga maji, saga kwenye blenda na maji vijiko vichache na sukari. Wanaolalamika kwamba zina chengachenga hawakuzichemsha. Ila mwulize kwanza mama mwenyewe kama mtoto ameshakula korosho bila shida.

FundiCherehani_Tanga (Ijumaa, saa 5:30 usiku)

Korosho anakula kila siku, ahsante kwa kuuliza, wengine hawaulizi.

Nimefanya jaribio leo kabla ya siku yenyewe. Chupa ya kunyonyeshea ilikuwepo kwenye sanduku la nguo zake za uchanga, na mstari wa 240 upo. Nilimimina maji mpaka pale, nikayahamishia kwenye kopo la bati, nikachora alama ndani kwa msumari. Sasa hilo ndilo kikombe changu. Nilipoliweka kando ya kikombe cha chai ndipo nilipoona nilivyokuwa nikijaza. Miezi yote hii nilimdhania mwandishi amekosea.

Sufuria la pili nimeazima. Moto nimeuwasha kwanza, nikaupima kwa unga kwenye kisahani kama alivyosema Bi Mkubwa. Mara ya kwanza ukawa mweusi, nikapunguza makaa ya chini, mara ya pili ukatoka hudhurungi. Ndipo nikamimina siki. Nilikuwa sijawahi kuitazama kwa makini: ukiimimina kwenye unga wenye soda inafanya vitobo vidogo vidogo vinavyosinyaa na kufumuka, na unasikia mchirizo kama mvua ya mbali kwenye bati. Nikakoroga mara kumi, nikatia motoni. Sikufunua. Nilikaa na cherehani nikipindisha sketi za shule mpaka harufu ya kakao ikafika mlangoni, nikatazama saa, dakika 28.

Njiti ya chelewa ilitoka kavu. Juu pamejaa kama tumbo la mkate, katikati panabonyea na kurudi. Ya pili ilizidi kidogo chini kwa sababu makaa yalikuwa yamekolea, nitayapunguza. Tumeila yote usiku huu, watu wazima kwa watoto, yeye nimemfichia maana nataka aionje siku yake.

FundiCherehani_Tanga (Jumapili ya wiki iliyofuata, saa 3:00 usiku)

Wapendwa, nimerudi kuwapa taarifa.

Kasimile iliganda kwenye friji la dada yangu, nikaipiga kwa uma, ikakaa vizuri kwa saa mbili hivi kabla ya joto la Tanga kuanza kuiyeyusha. Atakayefanya mchana wa jua kali apake dakika za mwisho. Juu nikapanga vipande vya chungwa la Muheza.

Watoto walikuwa kumi na mmoja. Nilipoileta keki mezani, mikono yake ikaenda nyuma. Yenyewe tu, kwa mazoea. Nikachuchumaa nikamwambia hii ni yako. Akaniuliza, "Ina yai?" Nikasema haina. "Maziwa?" Nikasema hayamo. Akaitazama kwa muda, halafu akauliza kama anaruhusiwa yeye mwenyewe kuwagawia wenzake. Basi akashika sahani kwa mikono miwili akazunguka nayo, mmoja mmoja, anamwambia kila mtu "chukua, chukua". Chake alikula mwisho, amekaa chini ukutani, na kasimile ikamfika mpaka puani.

Mama mmoja kati ya waalikwa aliniomba pishi na sikutaka kumwandikia kwa "vikombe" tena. Nimempimia kwa kopo langu nikamwekea kwenye mifuko.

Muuguzi, tuna miadi ya kliniki mwezi ujao, nitauliza kuhusu kumpima upya. Dada wa Mombasa, kwenye ukurasa ule wa kitabu, chini ya ile 8, nami nimeandika kwa penseli: "240. Sufuria mbili. Dakika 28. Moto kwanza, siki mwisho."

Bi Mkubwa, mchele nimeuloweka usiku huu. Nikisaga, uji wake uwe mzito kama wa vitumbua au mwepesi zaidi? Na hicho kijiko cha chai cha hamira, ni kilichojaa au kilichosawazishwa kwa kisu?